Mafuta ya Makaa ya Luena

Jumatatu, 4 Oktoba 1976
Habari mbaya kutoka Tenke. Mama mkwe wangu, Mama Latifa, amezidiwa. Mke wangu Zena kafunga kikapu tayari kwa treni ya kesho. Nimemzuia! Treni inalala njiani, kila mtu anajua. Kamyo ya kaka yake, Abibu, lori zima, imesimama uani kwetu bila mazutu, hata tone la dizeli, na mimi nina magunia mawili ya makaa ya mawe. Nimesoma gazetini: Wajerumani waliyageuza makaa kuwa mafuta. Sisi wa Dilala tumepungukiwa nini? Keshokutwa tutaondoka kwa heshima. Zena akaniangalia sana. Akafungua kikapu.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimetia makaa kwenye pipa, nikaliziba, nikapitisha bomba kwenye maji, nikawasha moto. Makaa ni ya mgodi wa Luena, hayang'ai, yanavunjika mkononi. Saa nne za moto! Kilichotoka: moshi, maji machafu, lami ya kijiko kimoja. Ndani, majivu na mawe.
Jirani Kisimba, aliyepima makaa maabarani miaka kumi, akaja bila kuitwa.
"Tata Aruna, makala yote haiko moja."
Eti makaa hayafanani, na haya yamejaa maji na udongo. Maji hutangulia kutoka, na udongo hauwi mafuta hata ukiuchoma mwaka mzima. Eti kupata mafuta ya kutosha kunataka hidrojeni, na mgandamizo ambao pipa langu halitauweza. Wivu mtupu!
Treni ilipiga honi saa tisa. Kwa wakati wake. Zena alikuwa mlangoni, anaisikiliza.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimebadilisha viatu vyangu vya sikukuu kwa makaa mengine. Yanang'aa! Kisimba akapiga kelele ng'ambo ya ua kwamba hayo yakipata moto yanalainika na kuvimba, yataziba bomba. Nikamjibu kwamba kuyeyuka ndiko ninakotafuta.
Yameyeyuka. Yamevimba. Yameziba. Mfuniko umetoboa paa la jiko. Nyusi sina.
Zena hakuuliza habari za jiko. Aliuliza tu: "Tutaenda siku gani?"
Nikasema kesho.

Ijumaa, 8 Oktoba
Abibu amepata habari. Mama Latifa alifariki jana alfajiri, akazikwa jana hiyo hiyo. Jumanne nzima alikuwa akiuliza kama treni imefika. Zena akakaa chini, kwenye udongo. Mimi nilisimama na koleo, sikujua pa kuliweka.
Tumepanda treni, sote watatu.

Jumapili, 10 Oktoba. Tenke
Msibani. Zena amesema neno moja tu, mbele ya mama zake wadogo: "Ni weye ulinikatazaka treni." Anabaki hapa hadi arobaini. Kama atarudi Dilala baada ya hapo, hakusema.
Nilikwenda kulia nyuma ya reli. Nililia kweli. Nilipofuta macho, nikaona lundo la makaa. Si hafifu kama ya Luena, si ya kung'aa sana. Ya katikati! Kumbe kosa lilikuwa kuchagua tu.
Nimemwomba Abibu gunia tupu. Akanipa bila kunitazama.
Lita ya kwanza nitaiita Mama Latifa.