Ombi la Bwana Kizibo la Kufutiwa Toba

Burbank, Kalifornia
11 Machi 1968

Kwa Bwana Irving Zelnick,
Mtayarishaji wa kipindi cha televisheni cha *Kerengende*

Mheshimiwa Bwana Zelnick,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, natumaini barua hii itakukuta mzima na umekwisha kula, kwa maana si barua ya kusomwa na mtu mwenye njaa.

Mimi ni Percival Stroud. Kama jina hilo halikukumbushi kitu, basi umekwisha kuelewa nusu ya malalamiko yangu. Mwaka juzi nilikuwa mwigizaji mgeni katika kipindi chako, nikacheza Bwana Kizibo, yule mhalifu aliyeziba mabomba ya mji mzima ili Meya amwachie kiti. Nilivaa joho la kijani na kofia yenye umbo la kizibo cha chupa. Sipendi kujisifu, lakini nilikuwa mwovu hasa. Kerengende mwenyewe, shujaa wenu, nilimfungia ndani ya hodhi la kuogea na mabawa yake yote mpaka maji yakamfika shingoni.

Tatizo ni namna mlivyonimaliza. Wahalifu wote mnaowaalika hupelekwa gerezani wakitukana na kuapa kwamba watarudi. Mimi peke yangu, kwa sababu ambayo mwandishi wako hajawahi kunieleza, nilitubu. Nililia mbele ya hakimu. Kerengende akanishika bega akasema, "Karibu tena kwa watu wema, Kizibo." Muziki ukapigwa, na tangu siku hiyo hamjanipigia simu. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo, na ombi moja.

1. Kwamba toba imeninyima kazi. Bi Dolores Whitcombe, aliyecheza Malkia wa Sabuni, amekwisha kurudi mara tatu. Ni rafiki yangu wa siku nyingi na simwonei kijicho. Basi, namwonea. Wiki iliyopita alinipigia simu akicheka: "Percy, mpenzi, wamenitorosha tena. Safari hii nimechimba ukuta kwa kijiko." Bwana Zelnick, gereza ambalo mtu hutoka kwa kijiko ni mahali pa heri. Mtu aliyetubu hana hata ukuta wa kuchimba.

2. Kwamba nimevunjiwa heshima mtaani. Sehemu ya kwanza ya kisa changu ilipoonyeshwa, watoto walivuka barabara wakiniona. Gunther, muuza nyama wetu, alinichagulia mbavu nzuri akasema, "Chukua, Bwana Kizibo, ila sinki langu usiliguse." Ikaja sehemu ya pili. Sasa Gunther ananipa shingo za kuku pamoja na pongezi. Juzi dukani mtoto mmoja alimvuta mama yake sketi akauliza, "Huyu si yule mbaya?" Mama akamjibu, "Alikuwa, mwanangu. Alikuwa." Sijapata kutukanwa vile na mtu mwenye sauti ya upole namna ile.

3. Kwamba mlinipinda bila kuniambia. Mimi ni mtu wa jukwaani. Sikujua kwamba maskani ya wahalifu hupigwa picha kwa kamera iliyolazwa upande, ili watazamaji wajue kuwa waliomo humo hawajanyooka. Nilipojiona nimesimama kama uzio mbovu, niliipiga televisheni yetu makofi mpaka ikazimika, na mke wangu Winifred hakunisemesha hadi kesho yake. Hilo nimewasamehe. Nisilolisamehe ni kwamba kwenye onyesho la toba mlininyoosha.

4. Kwamba jambo hili sasa limeingia kanisani. Mchungaji Lindqvist alikuja nyumbani kuniomba nitoe ushuhuda Jumapili. "Percy," aliniambia, "waumini wamenichoka. Lakini wewe uliwahi kuziba mji mzima." Nikamweleza kwamba yale yalikuwa maigizo. Akanipapasa mkono: "Unyenyekevu huohuo ndio tunaoutaka." Nikaenda. Nilizungumza vibaya kwa makusudi, na bado watu walilia. Kisha ikaja Krismasi. Katika igizo la kanisa letu, Mfalme Herode nimekuwa mimi kila mwaka tangu tuhamie hapa. Safari hii walinipa Yusufu. Herode wakampa daktari wa meno, aliyeamuru watoto wa Bethlehemu wauawe kwa sauti ileile anayotumia kukuambia usukutue mdomo. Nilisimama kando ya hori nimeshika taa, moyo unaniungua, na kina mama wakasema nina uso mtakatifu.

5. Kwamba, na hapa naomba usome polepole, toba yenyewe ni batili. Kila mtoto wa nchi hii anajua kuwa kiapo hakimfungi mtu aliyekitoa huku amepishanisha vidole viwili nyuma ya mgongo. Sheria hiyo inaheshimiwa katika viwanja vyote vya shule, na sijasikia bunge likiifuta. Siku ile mikono yangu ilikuwa kwenye pingu, nyuma ya mgongo, na vidole nilivipishanisha. Nilivipishanisha vya mikono yote miwili, kwa tahadhari. Shahidi ninaye: Stan Kowalczyk, aliyecheza kibaraka wangu na kusimama nyuma yangu. Nimemuuliza naye amekiri, "Niliona, mzee. Nilidhani umebanwa na misuli." Mahakama yoyote yenye haya ingeridhika.

Kwa hiyo naomba mtangaze hewani kwamba Bwana Kizibo hakutubu, na mniite nirudi. Niko tayari kuziba chochote: mifereji, matarumbeta ya polisi, hata volkano kama fungu lenu la fedha linaruhusu. Na kama hamtaki nirudi, basi walau nipelekeni gerezani. Wenzangu wote wamefungwa, na mimi nina haki ya kifungo changu.

Nitakueleza ukweli, Bwana Zelnick. Nina miaka sabini na moja. Wenzangu jukwaani walilelewa kwa makofi, mimi nililelewa kwa kuzomewa. Ukumbi mzima unapokuzomea hakuna aliyesinzia na hakuna anayewaza alikoegesha gari. Wote wako na wewe. Mtu mwema hushukuriwa, kisha watu huendelea na shughuli zao. Naumia kwa hilo, wala sioni haya kulisema. Nataka nizomewe mara moja tena kabla sijafa.

Nisalimie Kerengende, na umwambie yale maji yalikuwa ya uvuguvugu kwa agizo langu. Nisalimie wapiga picha wote, waliopinda na walionyooka, na bibi wa mavazi aliyenipunguzia kofia. Mwandishi wako pia msalimie, ukimkuta macho.

Ndimi wako, katika uovu usiotetereka,
Percival Stroud

Tanbihi: Uniwie radhi kwa grisi iliyo kwenye karatasi hii. Nilikuwa naelekea posta, Bi Ostrander, jirani yetu mjane, akaniita kutoka dirishani. Sinki lake lilikuwa limeziba na fundi wa mabomba hapatikani. Nimeshinda mchana kutwa nimelala chali jikoni kwake, nikatoa mafuta yaliyoganda, nywele, na uma mmoja. Tafadhali Mchungaji asilisikie hili. Nikiwa bado chini ya sinki, binti yake wa miaka sita alirudi kutoka shule, akaiona miguu yangu, akaita, "Mama, Kizibo yuko humu. Anatuzibia." Nadhani siku ya sehemu ya pili alipelekwa kulala kabla sijatubu. Mama yake alicheka hata akashindwa kumjibu. Mtoto akanizomea. Alinizomea jikoni, akanizomea varandani, akanifuata hadi langoni akinizomea kwa pumzi zake zote, uso umemwiva.

Kwa hiyo lile ombi, Bwana Zelnick, waweza kuliacha. Mimi sikumwambia kwamba nilikuwa nazibua.