Nimemwomba Mungu Aondoe Kipovu

Wenzangu wa Malava, leo nimeaibika mbele ya Mungu na mafundi saba. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana huyo mwingine ataongeza chumvi. Haihitaji chumvi.

Asubuhi nilitoka bila mpango. Mnanijua. Niliona lori la mahindi limesimama barabarani, nikamwuliza dereva anakwenda wapi.

"Kakamega."

Nikapanda. (Angesema Kisumu, ningekuwa nimeaibika Kisumu.) Njiani nilimwuliza gia ni za nini, breki zinashikaje, na nani alipasua kioo. Tulipoingia mjini aliniambia, "Kijana, shuka hapa." Yeye akaendelea na safari.

Nikafuata sauti ya nyundo. Tangu tupate uhuru kila mahali watu wanajenga shule, na hapa pia walikuwa wanajenga, madarasa mawili ya matofali. Mimi niliyeacha shule darasa la nne, nikaingia mwenyewe bila kuburutwa na mwalimu.

Nyapara ni mzee mfupi anayeitwa Ezekieli. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Kazi zimebaki mbili," akasema. "Fundi mmoja wa kujenga ukuta. Huyo analala kwangu, kitanda kipo. Na mtu mmoja wa kuchota maji mtoni. Huyo analala stoo, pamoja na simenti. Wewe ni yupi?"

Nikatazama upande wa mto. Mto hauonekani. Kinachoonekana ni mteremko tu, na akina mama wanaupanda polepole, wakiwa na madebe kichwani.

"Mimi ni fundi," nikasema.

"Vyombo vyako viko wapi?"

"Vinakuja na lori la pili."

(Hakuna lori la pili. Hata lile la kwanza lilikuwa limenichoka.)

Nikawaza: nikishapanda ukutani nitatazama mwenzangu anafanya nini, nami nifanye hivyo hivyo. Kujenga ni kuweka tofali juu ya tofali. Mpango ulikuwa mzuri, ila sikujua kwamba pale kazi haianzi kwa tofali.

"Njooni tuombe," Mzee Ezekieli akaita.

Sikushtuka. Kuomba najua, mama amenilea kanisani. Nikavua kofia, nikafumba macho.

"Fumbua kwanza, ndugu," akasema mzee. "Hapa tunaombanga na chombo mkononi. Kila mtu anaombea chombo chake na kazi chombo hicho kitafanya leo. Fundi Andati, mwazime mgeni kitu."

Andati ni fundi mrefu, mpole, mwenye simenti hadi kwenye nyusi. Alinipa kipande cha mbao kilichonyooka, kirefu kama mkono, chenye shaba ncha zote mbili. "Shika hii yangu," akasema. "Polepole." Hakusema inaitwaje. Fundi ataambiwaje jina la chombo cha ufundi?

Tukafanya duara. Andati akaanza.

"Bwana, huu ni mwiko wangu, unaujua. Leo tunapandisha ukuta wa upande wa barabara. Uuongoze mkono wangu. Amina."

Akafuata seremala na msumeno wake. Maombi mafupi, mazuri. Zamu inakuja kwangu, na mimi bado sijui nimeshika nini. Nikafumbua jicho moja nikichunguze. Katikati kilikuwa na kioo kidogo. Ndani ya kioo, maji. Ndani ya maji, kipovu cha hewa. Kumbe kimeharibika! Nikakitikisa kidogo ili kipovu kitoke. Kikakimbilia upande huu. Nikakiinua. Kikakimbilia upande ule. Nilipoinua macho, nikaona Andati naye amefumbua jicho moja.

Zamu yangu ikafika.

"Ee Bwana," nikaanza kwa sauti ya mchungaji, "tunakushukuru kwa chombo hiki."

"Ndiyo, Bwana," wakaitikia.

"Kipe nguvu leo."

Wakanyamaza.

"Na hiki kipovu kilichoingia humu ndani kwa bahati mbaya, Bwana, kiondoe."

"Bwana, usikiondoe!" akasema Andati, macho ameyafumba kabisa.

Mtu mmoja akakohoa. Seremala akaanza kutetemeka mabega. Mwenye akili angesema amina papo hapo. Mimi nikaona niachane na chombo, niombee ukuta. Ukuta ni salama. Nikatafuta ukuta wowote katika Biblia, na ukuta pekee uliokuja kichwani ulikuwa wa Yeriko.

"Na ukuta huu, Bwana, uufanyie kama ulivyoufanyia ule wa Yeriko, watu walipopiga kelele, nao uka..."

Nikasimama hapo. Nilikuwa nimekumbuka uliishiaje.

Kisha Mzee Ezekieli akachukua maombi, taratibu, bila kufumbua macho.

"Baba, tunakushukuru kwa ndugu huyu."

"Amina."

"Tunakushukuru zaidi kwa kutuonyesha mapema, kabla hajagusa ukuta wa watoto."

"Amina!" (Hii ilikuwa ya nguvu.)

"Wewe unawajua mafundi, Bwana, na wachota maji unawajua. Mpe miguu. Mtoni ni mbali."

"Amina," wakasema wote. Nami nikasema amina. Ungefanyaje? Ni maombi.

Nimepanda ule mteremko mara kumi na nne. Akina mama wa mtoni walitaka kujua kama sina dada wa kunichotea. Mchana, mama anayepika obusuma alinipakulia ugali mwingi, akaniambia, "Kula, Yeriko, usije ukaanguka." Sasa ndilo jina langu hapa. Nimefika leo tu.

Jioni hii Andati amenifuata stoo na ile mbao yake. Nilidhani amekuja kunisuta. Akailaza juu ya mifuko ya simenti nitakayolalia.

"Inaitwa pimamaji," akasema. "Unaona kipovu kimekimbilia huku? Huku ndiko juu. Ukilala hivi utaamka na damu yote kichwani. Kikikaa katikati, mambo yako sawa. Ndiyo kazi yake yote."

Nikasogeza mfuko mmoja. Kikasogea kidogo. Nikasogeza mwingine. Alikuwa na subira yule mtu, nilimwuliza maswali hadi akakaa chini. Mwishowe kikatulia katikati kabisa, nami nikashangilia peke yangu.

Kwa hiyo msinicheke sana. Nina kazi, na kitanda changu kimenyooka kuliko cha nyapara. Kesho tunaomba tena, kila mtu na chombo chake. Mimi nitaombea debe. Debe nalijua.