Malalamiko Kuhusu Likizo ya Mhudumu Wenu wa Meza Namba Nne

Kwa Mheshimiwa Mwenye Mkahawa wa Vyakula vya Kihindi vya Kaskazini,
Pembeni ya Duka la Vioo.

Ndugu Mwenye Mkahawa,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye usingekuwa na mkahawa. Sisemi hivi kwa kujisifu, maana kujisifu sikujui. Lakini kumbuka siku niliyoingia kwako mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita: ulikuwa na wateja wawili, na mmoja wao alikuwa fundi wa friji. Nilipotoka nimeshiba na kulipitisha tumbo langu mtaa mzima, ndipo watu wakaanza kuja. Leo mtu akichelewa Jumapili hapati kiti. Tumbo hilohilo ndilo linalokuandikia.

Elimu yangu inatosha. Nilisoma mpaka pale walimu walipoishiwa. Kwa hiyo nitapanga malalamiko kwa namba, kama yanavyopangwa kwenye ofisi kubwa.

Jumapili iliyopita, saa saba mchana, nilikuletea wageni wazito. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amepata mchumba, na pande mbili zilikuwa zinakutana kwa mara ya kwanza. Baba wa kijana ni dereva mstaafu wa treni. Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mdogo wa mwili. Ukimweka kwenye mzani pamoja na mkoba wake, mkoba ndio utakaoshuka. Upande wetu alikuwepo dada yangu, mdogo wangu wa kiume, na mimi, msemaji wa familia. Usemaji niliurithi kwa marehemu baba, na hata kabla hajafa nilikuwa nikimsemea.

Kabla ya kuagiza, niliwapa wageni historia yangu na pilipili. Niliwaeleza jinsi nilivyoshindana kula pilipili na sajini mmoja wa jeshi, kuanzia asubuhi, mpaka kola ya shati lake ikaanza kufuka moshi wakamzima kwa ndoo, nami nikamalizia na zake. Dereva wa treni aliacha kukunja kitambaa chake akawa ananisikiliza tu. Mambo yalikuwa yananyooka. Sasa tazama mlichonifanyia.

1. Mhudumu wenu mrefu, yule tunayemwita Masharubu, hakuwepo. Nikaambiwa yuko likizo. Nauliza kwa heshima: likizo hiyo aliidhinisha nani, na kwa nini mimi sikupewa nakala? Daktari akisafiri, wagonjwa wake huambiwa.

2. Mahali pake mlimweka binti mwenye miwani. Nilimwambia kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Niletee mbuzi wa rojo jekundu, kali, kama kawaida yangu." Kisha nikagonga uma mezani mara mbili, kama ninavyofanya siku zote. Akaniletea uma mwingine. Nikagonga tena. Akaleta kijiko. Nikagonga mara ya tatu huku nikimtazama machoni, naye akaniuliza, "Mjomba, meza inayumba?" Akainama, akakunja karatasi, akaiweka chini ya mguu wa meza. Meza haikuwa inayumba. Sasa inayumba.

3. Sahani ikaja. Ndugu yangu, mimi nimewahi kuungua kwa pasi, na kwa bomba la moshi la trekta, kwa hiyo moto naujua. Tonge la kwanza, sikio la kushoto likaziba. La pili, nikamwona marehemu babu yangu amesimama kando ya tanuri lenu la udongo, akaniuliza mbona nimekuja mapema hivyo. Nikanywa jagi letu la maji, nikanywa na la meza ya jirani, familia nisiyoijua hata kwa sura, kisha nikaufunga ulimi kwa mkate wa naan kama bandeji. Mkate wenyewe ulikuwa umetoka kwenye tanuri dakika ileile. Hilo lihesabiwe kama tatu na nusu.

4. Mama wa kijana aliagiza sahani ileile. Akaila yote, akapangusa bakuli kwa mkate, halafu akasema kwa sauti ya kuwaambia watoto wakae kwenye mkeka, "Tamu sana, ila mpishi ameogopa pilipili." Hakuna mhudumu hata mmoja aliyemzuia. Mkahawa wenye nidhamu ungekuwa na kanuni kwamba mgeni hamalizi chakula kabla ya msemaji wa familia.

5. Picha ya ngamia iliyo ukutani, mkabala na meza namba nne, ilikuwa inacheka. Siku nyingine huwa haicheki. Naomba igeuzwe.

6. Macho yangu yalitoa maji. Nasema maji, kwa sababu machozi ni jambo jingine. Dereva wa treni akanishika bega akaniambia, "Usilie, ndugu yangu. Binti yenu haendi mbali, ni vituo viwili tu." Nikaona mlango umefunguka, nikapita: nikamjibu kwamba ndiyo, uchungu wa mpwa ndio unaoniliza. Mama wa kijana naye akatoa leso. Hapo tungemaliza kwa heshima zote. Lakini dada yangu amenijua tangu utoto, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Akanitazama, akaitazama sahani, akasogeza bakuli la mtindi mbele yangu. Nikalimaliza mbele ya wakwe, kwa kile kijiko cha yule binti.

7. Hili ndilo zito. Tulipotoka nje dada aliniambia, "Kaka, Jumapili ijayo tunarudi hapahapa kupanga siku ya harusi. Atasema mdogo wako. Wewe utakula." Mdogo wangu ni mtu ambaye hata akipiga simu yeye mwenyewe, anasikiliza tu. Na mpwa huyu mimi ndiye niliyembeba mgongoni siku yake ya kwanza ya shule, mvua inanyesha, viatu vyake nimevishika mkononi visilowe. Maneno ya siku hii nimekuwa nayo kifuani tangu asubuhi ile. Leo ninyang'anywe kwa sababu ya mbuzi?

Kwa hiyo naomba, bila kukulazimisha, uniandikie cheti chenye muhuri kwamba sahani yangu ilizidi kipimo cha binadamu kwa hitilafu ya jikoni, na kwamba sahani ya mama wa kijana ilitoka sufuria nyingine kabisa. Ukisome mwenyewe Jumapili hii, umesimama, mpishi akiwa pembeni yako ameinamisha kichwa kidogo. Kuanzia sasa likizo zote za wahudumu ziletwe kwangu nizipitie. Nisipojibiwa, nitalihamishia tumbo langu kwa yule muuza samaki wa ng'ambo ya barabara, nawe ubaki na fundi wa friji.

Nisalimie mkeo, watoto, mpishi, mkata vitunguu, na familia ile ya meza ya jirani wakirudi. Waambie jagi lao nalikumbuka. Hata ngamia msalimie, sina kinyongo naye.

Wako katika kujenga biashara,
Mjomba wa Bibi Harusi,
Msemaji wa Familia (kwa sasa amesimamishwa),
Meza Namba Nne.

Nyongeza: Kabla ya Jumapili, mwite pembeni yule binti wa miwani umweleze jambo ambalo Masharubu amelitunza miaka mitatu bila kumwambia mtu. Nikisema "kali, kama kawaida yangu" halafu nikagonga uma mara mbili, maana yake ni ile sahani ya ukurasa wa watoto, isiyo na pilipili hata ya kunusa, ipakwe nyanya juu ionekane nyekundu. Cheti basi, kiache. Dada yangu analijua hili tangu nina miaka sita, na muhuri hautamdanganya. Niwekee tu sahani hiyo, ili mdogo wangu akikwama, na atakwama, mimi niwe bado na sauti ya kumsemea mpwa wangu maneno mawili.

Na mwambie mpishi, hiyo ya watoto, apunguze tangawizi. Huwa inaniwasha kidogo.