Ombi la Kulifunga Kundi la Alhamisi Lililoniharibia Mdogo Wangu

Kwa Daktari Msimamizi,
Kliniki ya Afya ya Akili.

Ndugu Daktari,

Pole na kazi ya kusikiliza watu kutwa nzima bila kuwakatiza. Mimi nisingeiweza hata kwa kufungwa kamba. Mimi ni fundi majokofu. Nimetengeneza majokofu melini, nimekula sahani moja na manahodha. Kutukana naweza kwa lugha sita, kuomba radhi kwa nne. Shule niliiacha njiani lakini dunia sikuiacha, kwa hiyo usinichukulie kama mtu wa kuokotwa.

Nimesikia wenye jengo wanakichukua kile chumba chenu, na kwamba kundi la Alhamisi, analohudhuria mdogo wangu wa kike, huenda likafa mwisho wa mwezi. Naandika kwa heshima zote kuomba life kweli, lizikwe, na asilie mtu. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, mmeupa ugonjwa jina: tatizo la haiba ya mpakani. Daktari, nimevuka mipaka mingi, na hakuna afisa aliyewahi kuniuliza haiba yangu. Sisi nyumbani, ambako mdogo wangu ndiye Malkia, tuliita "hasira za Malkia", na kila mtu alijua kazi yake: mama anaficha visu, mjomba anakumbuka ghafla kuwa ana safari, mimi naitwa. Zimamoto nilikuwa mimi. Naacha jokofu la mteja tumbo wazi, nakimbia, nagonga mlango mpaka Malkia afungue. Siku hizi ananipigia simu: "Kaka, hali imepanda, lakini usije. Usikate simu tu." Basi mimi, mwanamume mzima, nakaa juu ya ndoo nasikiliza mtu akipumua.

Pili, barafu. Mshauri wenu kamfundisha kwamba moyo ukichafuka ashike barafu mkononi mpaka wimbi lipite. Mimi nani aliniambia? Nikaona barafu inapungua kwenye friji za wateja, nikamwendea jirani muuza soda, nikamwita mwizi mbele ya wanunuzi wake. Akaniita pua ya bomba. Kumbe mwizi ni matibabu! Soda zake nanunua mpaka leo, na sizipendi.

Tatu, na hapa kaa vizuri. Zamani mdogo wangu alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi mimi malaika, hakuna kaka kama mimi chini ya jua. Jioni, kwa kuwa nimechelewa kujibu ujumbe, mimi shetani, nimemtupa kama wengine wote. Angalau mtu ulijua siku imekaaje. Sasa ananikazia macho na kusema, "Umeniudhi sana, na bado nakupenda." Vyote viwili, kwa pumzi moja! Nikamwambia achague kimoja. Akacheka: "Kaka wewe, hilo tulisoma wiki iliyopita." Sasa hapo unagombana na nani?

La nne lilikuwepo, tena zito, limenitoka.

La tano ni mama. Ameanza kulala. Mwanamke aliyekuwa akilala sikio moja likiwa chumba cha pili, sasa anakoroma kama jenereta, na visu vimerudi jikoni, vimening'inia hadharani kama kwa watu wa kawaida.

La mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Kila bandari niliyotia mguu nilimnunulia blauzi ya mikono mirefu, kwa sababu hakuvaa nyingine hata jua likipasua mawe. Tulijua kwa nini, na hatukusema. Mwezi huu kazigawa zote. Anakwenda sokoni mikono nje, makovu ya zamani yanaonekana. Muuza nyanya akamuuliza, "Mwanangu, nini hiki?" Naye, bila kutetereka: "Nilikuwa naumia, mama. Sasa najifunza. Fungu bei gani?" Mimi nilikuwa nyuma nimebeba kapu. Nilifuta macho, mimi! Nikasingizia vumbi.

Kwa hiyo mmenivua cheo, mmemfanya mama mvivu, mmeninyima ugomvi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nadai kundi lifungwe na nirudishiwe mdogo wangu kama nilivyomleta, hasira zake zote zikiwa kamili. Mkishindwa, nipeni cheo kingine chenye ukubwa uleule, na kofia yake.

Nisalimie mshauri mwenye sauti ya chini, mlinzi wa getini, na wanakundi wote, hasa yule mwalimu anayecheka huku analia. Mwambie nauliza hali yake.

Ni mimi, mwenye uchungu na adabu,
Kaka yake Malkia, fundi majokofu.

Nyongeza: Usithubutu kulifunga. Karakana yangu nimetoa mabovu yote, nimefagia, nimepaka rangi ukuta mmoja. Wa pili rangi iliisha. Viti vipo. Kimoja kinayumba, akikalie mjomba akija. Mlango ukifungwa maneno hayatoki. Nilimwingiza mjomba huyohuyo apige mayowe, sikusikia kitu. Anzeni Alhamisi hii, na asiniulize mtu habari ya kodi. Nitakaa nje kuwafukuza wenye masikio marefu. Mkiniita ndani nitakataa. Niiteni tena.