Jinsi Yai la Deodata Lilivyoelea na Jina Lake Likakataa Kuzama

Zimeni redio, enyi watu wa Runazi, nanyi mliokuja gulioni kwa pikipiki za kukodi mkishikilia madumu! Anayemenya muhogo na aweke kisu chini, anayedai chenji na avumilie kidogo, maana inasimuliwa hapa vita kuu ambayo haikumwaga damu bali ute. Vita ya Deodata binti Rwekaza, Mama wa Majogoo, Mkuu wa Trei, Jicho Lisilopitwa na Ufa, aliyeshuka uwanjani na kijiko kimoja tu na akarudi nyumbani na jina lake zima.

Kwa miaka kumi na miwili Deodata aliuza mayai pale gulioni, na kwa miaka yote hiyo ilitawala sheria moja, sheria ya karai. Mnunuzi hutia yai kwenye karai la maji: likizama ni zima, likielea ni viza, na hakuna rufaa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, ndiyo maana kila mtu aliifuata. Na katika miaka kumi na miwili yai la Deodata halikuelea hata mara moja. Yalizama yote, moja baada ya jingine, kwa heshima, kama wazee wanaoketi kwenye viti vyao.

Hata ikafika Alhamisi ile ya msiba. Mwalimu Danstan, Simba wa Sayansi, Bwana wa Chaki Tatu, alinunua yai moja kwa Deodata, akaenda nalo darasa la sita, akalitumbukiza kwenye bilauri ya maji. Na yai, ole wake aliyelitaga, likaelea! Wanafunzi sabini na wanane wakatoa macho.

"Somo limewaelea?" akanguruma mwalimu.

"Limetueleaaa!" wakajibu wote, kama wanavyojibu siku zote, hata siku ambayo mwalimu hajafundisha kitu.

Kengele ikalia. Jeshi likatawanyika kwenda nyumbani, na katika elimu yote ya siku ile likabeba jambo moja tu: yai la Mama Deodata limeelea. Saa tisa lilikuwa yai moja. Saa kumi na moja ilikuwa trei nzima. Watu walipokaa kula ugali, kuku wenyewe wa Deodata walikuwa wanaelea.

Siku ya gulio ilipowadia, Deodata alikwenda moja kwa moja kwa Sindayigaya mkaanga chipsi, Mfalme wa Mafuta Yanayochemka, ambaye kila gulio alichukua trei yake kabla hata ya salamu.

"Shikamoo mama," akasema Sindayigaya, ambaye kila l kinywani mwake ni r, akitazama viazi. "Reo sichukui."

"Marahaba. Huchukui kwa nini?"

"Watu wanasema mayai yako yanaerea. Mimi nina wateja, mama. Mteja akiumwa tumbo, hamtafuti kuku. Ananitafuta mimi."

Na hapo hapo, akipiga kengele ya baiskeli kama tarumbeta, akaingia Projestus, muuza mayai mwenzake, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona na kuku. Akashusha trei mbili pale pale mezani, huku anacheka. "Mama Deo, ukienda ziwani kuvua, mayai yako yatafaa kuwa maboya!"

Gulio zima likacheka. Deodata alibeba trei yake akarudi nayo nyumbani, mayai thelathini, yote mazima, na kila hatua alihisi watu wanayahesabu kwa macho. Alijua hesabu ya gulio ilivyo: akiondoka Sindayigaya, ataondoka na mwenye mgahawa, na muoka maandazi, na baada ya miezi miwili atakuwa "yule mama wa viza", na hata akifa watamwimbia hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi akaivamia shule, moja kwa moja mpaka darasa la sita.

"Shikamoo mama," akasema Mwalimu Danstan, akisimama nyuma ya meza kama nyuma ya ngome.

"Marahaba. Yai langu ulilifanya nini?"

"Aa, lile! Lile ni suala la densiti. Densiti ni uwiano wa tungamo na ujazo."

"Mwalimu, nimeuliza yai langu ulilifanya nini."

"Uwiano," akarudia mwalimu kwa sauti kubwa zaidi, maana alikuwa na risasi hiyo moja, "wa tungamo na ujazo!"

Deodata akageuka. Dirishani ilisimama ile bilauri, maji bado yamo, inzi mmoja anaogelea. Akamtoa inzi. Akachovya kidole. Akakilamba.

Darasa zima likanyoosha shingo.

"Chumvi," akasema.

"Ki-kidogo," akakiri mwalimu.

"Vijiko vingapi?"

"Vinne vya kujaa."

"Kumbe maji yamekuwa mazito kuliko yai, ndiyo yakalibeba! Na hawa watoto uliwaambia umetia chumvi?"

Mwalimu akatazama sakafu, sakafu ikatazama pembeni. "Kengele ililia, mama. Nilipanga kuwaambia kipindi kijacho. Halafu tukaitwa kwenye semina ya mbinu bora za kufundisha."

Basi gulio lililofuata, jua likiwa utosini, Deodata akasimama mbele ya banda la Sindayigaya na bilauri mbili za maji, akavaa kitenge chake cha Pasaka, akapaza sauti.

"Enyi mlionicheka! Enyi wenye matumbo membamba na midomo mipana! Nikazieni macho!"

Akatia yai bilauri ya kwanza: likazama. "Maji matupu hayana nguvu ya kulibeba!" Akachukua kopo la chumvi la Sindayigaya mwenyewe, silaha iliyotoka katika ghala la adui, akamimina kijiko bilauri ya pili, akakoroga, akatia yai lile lile. Likazama. Watu wakaguna. Kijiko cha pili. Likazama.

"Chumvi yangu inakwisha, mama!" akalia Sindayigaya.

"Na jina langu je?"

Cha tatu. Yai likatikisika, likasimama wima kama askari aliyesikia amri. Cha nne, na likapanda, polepole, kichwa juu, mpaka likachungulia ulimwengu!

"Ni yai lile lile!" akanguruma Deodata. "Maji ndiyo yamebadilika!" Akalipasua kwenye kikaango. Kiini kikakaa katikati, cha mviringo, cha njano, hakina doa. Sindayigaya akanusa, akanusa tena, akakila palepale bila hata viazi.

"Sasa," akasema Deodata kwa upole wa kutisha, "la Projestus. Maji matupu."

Mtu akalitoa kwenye trei ya baiskeli ya Projestus, aliyekuwa palepale akitazama, akalitia bilauri isiyo na chumvi. Likaelea juu kama kizibo.

Macho yote yakamgeukia Projestus. "Hilo," akasema, jasho likimtoka, "hilo nalo limesoma darasa la sita."

Sindayigaya akalipasua.

Wanaosimulia husema harufu ile iliwakuta watu mpaka kwenye mashine ya kusaga, na kwamba ng'ombe walikatisha kucheua. Projestus aliondoka bila kupiga kengele. Sindayigaya, akijifuta machozi kwa aproni, akaivuta trei ya Deodata, na nyuma yake mwenye mgahawa, na nyuma yake muoka maandazi.

Mwalimu Danstan naye alikuwepo, nyuma kabisa, ameshika daftari. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Mama, vijiko vinne kwa bilauri ya ukubwa gani?"

Deodata akamtazama, halafu akalitazama gulio lote, Runazi nzima ikiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu iitwe Runazi.

"Yai limeelea," akasema. "Na neno je, limewaelea?"

Na siku hiyo, iandikwe, walipojibu ndiyo, walikuwa wanasema kweli.