Malenge ya Mama Imevaa Boshori

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Malenge iko salama. Nimeiangalia kabla ya chai, nikaiangalia nikiwa na kikombe mkononi, nikarudi tena chai ikimwagika kwa gambuti.

Iko moja tu. Mama alipotuacha nilipata mbegu zake za mwisho zimefungwa kwa kitambaa chake cha kichwa. Nilizipanda zote hapa nyuma ya nyumba mvua iliponyesha. Zingine zilimezwa na huu udongo mweusi wa hapa Noonkopir, Kitengela, unashika mguu kama mtoto anakataa uende sokoni. Zingine zilichomwa na maji yetu ya chumvi. Hii moja ikakataa kufa. Inafanana na Mama.

Githongo amepiga simu kutoka Kinangop. Huyo ni ndugu yangu mkubwa na hajawahi kusahau kwamba ni mkubwa. Anamleta Baba Jumamosi. Baba hali chakula. Tangu tuzike Mama anaonja kidogo, anasukuma sahani, anasema sio hiyo. Ukimuuliza anataka gani anasema malenge ya mama yenu. Nimemwambia Githongo malenge ya Mama niko nayo, inakua kwangu. Amecheka mpaka akakohoa. Ati Kitengela inamea mawe na mabati, hiyo malenge nimeitoa wapi. Ngoja aje!

Shida yangu sasa ni vidole. Mama alitufundisha tukiwa wadogo: malenge ikiwa bado shambani ukiinyooshea kidole, inaoza. Unaonyesha na ngumi, ama na mdomo. Na mimi nimeolewa na Njogu, mtu wa lori za mawe, ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya lori akielekeza dereva. Hawezi kuitisha chumvi bila kunyoosha mkono wote. Leo ameuliza hiyo kitu kubwa pale kwa majani ni nini, na mkono ukaanza kupanda. Nimeudaka hewani. Nimemwambia kuanzia leo akiingia shambani, mikono mfukoni. Ameuliza kama alioa bibi ama alioa askari.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata akili! Kitu haionekani hainyooshewi kidole!

Nimefungua sanduku nikatoa shali ya binti yangu Mwihaki, ile nilimbebea akiwa mchanga, na boshori yake ya manjano, ile kofia ya sufu iko na kifundo juu. Nimeifunga malenge vizuri, boshori nimeivuta mpaka chini. Nikatandika nailoni ili isilale kwa udongo. Na kwa sababu Julai ni Julai, nikaimwagilia maji ya uvuguvugu kidogo. Nikapiga magoti nikaiimbia wimbo wa kanisa, kwa sababu Mama alikuwa anaziimbia zake.

Nikageuka. Mama Soipan kwa fensi!

Huyu Nalotuesha, mama yake Soipan, ndiye jirani yangu. Sukuma wiki yake inamfika kiunoni. Ukimuuliza siri anasema ni Mungu tu. Mimi naona ni samadi ya mbuzi, lakini nyamaza Wamaitha. Alikuwa amesimama mkono kwa mdomo. Nimemsalimia kwa Kimaa, sopa. Amejibu polepole, vile watu huitikia kwa matanga. Akauliza Mwihaki wangu alifunga chuo lini. Nikasema wiki jana. Mbona hatoki nje? Nikasema hana nguvu, analala tu, na amevaa masweta matatu. Ni kweli, msichana ako na homa mbaya. Nalotuesha ameangalia ile boshori, akaniangalia, akasema, "Pole yeyo. Usione haya. Hata hii ni ya Mungu."

Nimefurahi. Kuniita yeyo, mama, kwa homa tu! Kumbe ako na roho nzuri.

Alhamisi, 17 Julai

Leo Nalotuesha amekuja na sufuria ya supu ya kondoo, mafuta yanaelea juu kama ziwa. Amenipita mlangoni akaenda moja kwa moja kwa kitanda cha Mwihaki, akasimama juu yake mpaka ikaisha. Mwihaki alikunywa amefunga macho. Ati inarudisha damu. Nikajiuliza homa na damu zimejuana wapi. Lakini rangi imemrudia msichana, sitasema uongo.

Baada ya chakula cha mchana, hodi! Akina mama wa kanisa, wameongozwa na Mbeke, mwenyekiti wetu. Wamebeba sukari, sabuni, maziwa kwa kibuyu. Na njahi, zile maharagwe zetu nyeusi.

Mgonjwa wa homa hapelekewi njahi. Njahi ni ya mama amezaa.

Mbeke akanishika mkono akanong'ona kwamba wamesikia, hawajakuja kuhukumu mtu, Mwihaki ni msichana wao pia, na mtoto hana makosa. Akauliza ni kijana ama ni msichana.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Macho yakaanguka kwa njahi. Zimechambuliwa tayari, hazina hata jiwe. Baba anapenda njahi zikipondwa na malenge, na mimi sikuwa nazo. Mdomo ukasema, "Mtoto amelala."

Si uongo. Imelala. Kazi yake ni hiyo.

Mbeke akasema basi hawatamsumbua, watakuja Jumamosi kumwombea. Jumamosi! Nikasema Jumamosi niko na wageni kutoka nyumbani. Akasema hiyo ndiyo nzuri kabisa, wageni wataitikia amina.

Ijumaa, 18 Julai

Mpango wa kwanza: niende kwa Nalotuesha nimwambie ukweli. Nimefika kwa fensi. Kabla niseme kitu amenionyesha kondoo mwingine, mnono, akasema huyo ni wa Mwihaki wiki ijayo. Nimemshukuru. Nimerudi nyumbani.

Mpango wa pili: kuazima mtoto. Resian wa dukani ako na mdogo, mzuri, halii sana. Nimemuuliza kwa upole kama anaweza kuniachia kesho kwa saa moja hivi. Amemtoa mtoto mgongoni akamweka mbele, akamkumbatia na mikono miwili mpaka nikatoka. Na mkate amesahau kunipa.

Mpango wa tatu: Mwihaki aamke mapema aende kwa dada yake Athi River, niseme ameenda na mtoto kliniki. Ameuliza aende kufanya nini huko na homa. Mimi kudanganya mtoto wangu siwezi. Nimemwambia yote.

Kelele! Ati amezaa nani? Na nani? Ati ndiyo maana Brayo wa bodaboda alimwambia hongera na yeye akafikiri ni ya mtihani! Na ile supu! Amekataa kwenda popote. Amesema kesho atakaa hapo kwa kiti, miguu juu ya stuli, aone vile nitajitoa.

Hicho kichwa ni cha Mama. Jina alilopewa ni la Mama, na kichwa kikaja na jina.

Lakini aibu si neno, aibu huisha. Mimi nawaza watu wote hao hapa nyumbani, na kila mmoja amekuja na vidole kumi. Ikioza Baba atakula nini?

Jumamosi, 19 Julai

Leo!

Baba alifika mapema. Amekonda, koti linamning'inia kama liko kwa msumari. Nikamkalisha karibu na jiko. Githongo akabaki amesimama mlangoni, akiuliza kwa sauti kubwa hiyo malenge maarufu iko wapi, ama bado iko sokoni. Kabla nimjibu, hodi, wakaingia Mbeke, Nalotuesha na wenzao, wamejifunga leso safi. Mwihaki akakaa kwa kiti chake. Miguu juu ya stuli.

Mbeke akasema basi mtoto aletwe tumwombee. Baba akauliza mtoto wa nani. Nalotuesha akainamisha kichwa kwa heshima akasema, "Ni wa Mwihaki, mzee."

Njogu akaweka kikombe chini. Nilikuwa sijamwambia.

Sasa, kwetu mjukuu akipewa jina la bibi yako, yaani mke wako, huyo ni bibi yako. Tangu Mwihaki azaliwe Baba hajawahi kumwita jina lingine. Akageuka polepole, akamwangalia. Akasema, "Bibi yangu. Umejifungua, na mimi nilikuwa Kinangop?"

Mwihaki hana huruma. Akamwambia babu yake, "Mtoto ako nje, Guka. Mama amemlaza kwa nailoni."

Nduru! Mbeke akaita jina la Yesu mara nyingi. Wote wakatoka mbio, mimi mbele nikipiga kelele mikono mfukoni, mikono mfukoni! Nani anasikia? Na leso haina mfuko. Nalotuesha akanipita, akapiga magoti, akatoa boshori, akafungua shali.

Malenge.

Mbuzi tu walikuwa wanaongea.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu. Nikafikiri Baba analia. Alikuwa anacheka! Ameshika fensi na mikono miwili, anacheka mpaka Githongo akamshika kiuno asianguke. Hiyo sauti sijaisikia tangu tuzike Mama. Akajipangusa macho. Akainua mkono. Akainyooshea malenge kidole. Chote! Kimenyooka kabisa!

Nikapiga nduru yangu mwenyewe. Nikamwambia Baba, Mama alisema itaoza!

Akasema nyamaza. Akasema Mama mwenyewe alikuwa anazinyooshea kidole kila asubuhi akizihesabu, sisi tukiwa tumeenda shule. Sisi ndio tulikatazwa. "Na ni wewe Wamaitha uliyefanya tukakataza. Shangazi zako wakija kututembelea unawakimbilia, unawaonyesha ile kubwa iko wapi. Wanaondoka nayo."

Mama! Na ule uso wake wa kanisa!

Githongo akainama kuiinua. Upande wa chini umeoza. Laini kama uji. Nalotuesha akagusa nailoni, akagusa shali iliyolowa maji, akasema hii imepikiwa hapa hapa. Nilitaka udongo mweusi unimeze kama zile mbegu zingine. Lakini Nalotuesha hakungoja. Alichukua kisu akakata upande mbaya akarushia mbuzi. Nusu ikabaki, safi, ya manjano kama boshori.

Mbeke akasema maombi yakitoka nyumbani hayarudi bure, akaibariki hiyo nusu. Njogu ndiye aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nimeiponda na njahi zao. Nimempakulia Baba wa kwanza. Watu wote wakajifanya wanaongea. Alionja. Alitafuna polepole. Akala mpaka nusu, akala yote. Halafu akasukuma sahani.

Alikuwa anaisukuma upande wangu, niongeze.

Githongo aliomba ya pili pia. Nilimwambia mawe ya Kitengela yanashibisha polepole, angoje.

Kabla waondoke Baba akagawanya mbegu yeye mwenyewe. Nusu yangu, nusu ya Nalotuesha, kwa sababu ati ni yeye aliyempatia bibi yake supu. Nimetabasamu. Imeniuma hapa kwa mbavu. Na Nalotuesha ameenda na boshori yetu mkononi, nimeona haya kuitisha.

Jumapili, 20 Julai

Nimewaza mahubiri yote. Si nailoni. Si maji ya uvuguvugu. Baba ni mzee, amesahau, Mama hawezi kuwa alitudanganya miaka hiyo yote. Na malenge ilioza kabla Baba hajafika. Kuna mtu alinyoosha kidole. Namshuku Githongo. Mtu kama huyo anaweza kunyoosha hata akiwa kwa simu.

Jumapili, 21 Desemba

Yangu iko kama ngumi. Ya Nalotuesha iko kama kichwa cha ndama. Samadi! Na ni mbegu za Mama yangu!

Baba siku hizi anakula vizuri, mpaka Githongo analalamika. Anakuja Krismasi. Jana kwa simu hakuniuliza habari ya watoto. Ameuliza kama ni kweli Mama Soipan ako na kubwa. Nani alimwambia? Mwihaki, nani mwingine! Sasa baba yangu atoke Kinangop apite mlango wangu akale kwa jirani?

Leo baada ya kanisa nimeenda kwa fensi. Nimeangalia huku. Nimeangalia kule. Nimemwambia Mama pole, huko aliko. Nimeinua mkono.

Nimeuteremsha.

Ameifunga! Desemba, na jua hili! Amezungushia shuka nyekundu mara mbili, na juu, imevutwa mpaka chini, boshori ya manjano iko na kifundo. Na yeye mwenyewe amepiga magoti nyuma ya majani, anaiimbia kwa Kimaa. Mwizi wa akili ya watu!

Na kitu haionekani hainyooshewi kidole.

Lakini nimepata mpango. Kesho nitajifunga leso safi, nibebe sukari na sabuni, nipige hodi, niseme nimekuja kuona mtoto. Mtu aliyekuja na sukari hakatazwi kuona mtoto. Lazima afungue shuka. Mkono nitauweka ndani ya leso mpaka hapo.

Nitatumia kile kidole kidogo cha mwisho. Ioze nusu tu. Ni jirani.