Natafuta Jirani Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekwisha! Shangazi wa mchumba wangu amepiga simu asubuhi, hata uso sijanawa. Huyu ndiye aliyemlea mchumba tangu akiwa mchanga. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, kalale. Amesema tiketi ya mchumba iko tayari, mabegi yamefungwa, limebaki jambo dogo tu. Jumamosi saa kumi jioni atapiga simu ya video, azungumze na mmoja wa wale majirani zangu.

Wale majirani! Nimewaumba mwenyewe kwa mdomo wangu. Miezi yote hii namwambia kwamba jengo letu ni kama nyumba moja, kwamba milango haifungwi, kwamba nikipiga chafya korido nzima inaniambia pole. Ukweli: nina mwaka na ushei katika mji huu wa watu na simjui jirani hata mmoja kwa jina. Ninavyovijua ni viatu vyao, maana ndani ya lifti kila mtu anatazama chini.

Nikajaribu kujitetea kwamba majirani wana shughuli nyingi. Akauliza ni shughuli gani hiyo inayomzuia mtu kusalimia. Hatamtoa mwanawe, akasema, akaishi na mtu ambaye akizimia hakuna wa kummwagia maji. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nikaanza kutwanga kitunguu saumu kwa hasira. Mara: ngo! ngo! ngo! kutoka chini. Ni yule bibi wa ghorofa ya tano na ufagio wake. Akinisikia tu anagonga dari yake, ambayo ndiyo sakafu yangu. Nikamrushia kiatu sakafuni, kama kawaida yetu.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa chumvi. Kwetu ujirani wote huanzia kwenye kuomba chumvi. Nikachukua kikombe, nikatoka.

Mlango wa kwanza: Mwenye Miwani. Amefungua upana wa kidole, mnyororo haujatolewa. Akauliza kama nilikuwa nimepiga simu kwanza. Nikamwambia simu ya nini, nami nipo hapa? Akasema naam, lakini ningepiga. Akafunga.

Mlango wa pili: televisheni ilikuwa inanguruma. Nikabisha. Ikazimwa. Nikamsikia mtu mzima na akili zake anazuia pumzi. Nikasubiri, naye akasubiri. Alinishinda.

Mlango wa tatu: kijana. Akanisikiliza! Akakipokea kikombe! Nusura nilie. Akaingia ndani, akarudi na simu, akabonyezabonyeza, akasema chumvi inakuja. Akafunga mlango na kikombe changu. Na kweli ikaja, imeletwa na jamaa wa pikipiki mwenye kofia ngumu. Sasa nina chumvi kilo mbili na sina kikombe.

Kazini nimemsimulia Mjuaji. Huyu tunatoka nchi moja, na tunakunja mashuka pamoja katika chumba cha kufulia cha hoteli. Alinitangulia kufika huku miezi minne tu, basi anajiona mwenyeji. Alicheka mpaka akaachia ncha yake, shuka likaburuta sakafuni, msimamizi akanifokea mimi. Mjuaji akasema tatizo langu ni ushamba. Yeye hasalimii, hasalimiwi, na anakula akashiba.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa salamu. Nimembana Mzee wa Mkoba akiwa peke yake ndani ya lifti. Huyu hana pa kukimbilia, nikawaza. Nikamsalimia salamu kamili ya kwetu kwa lugha ya kwao: amelalaje, ameamkaje, nyumbani hawajambo, watoto je, kazi je, mgongo je. Akajibu kwamba hana watoto. Nikampa pole. Akashuka ghorofa ya tatu. Anakaa ya nane! Nilimsikia anapanda ngazi, anahema kama treni.

Jioni tangazo limebandikwa ndani ya lifti: wakazi wanaombwa wasiulizane habari za usingizi. Halikutaja mtu. Lakini wote waliokuwemo wakageuka kuangalia viatu vyangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango wa maradhi. Mgonjwa hata adui yake humpa pole. Nimejilaza kwenye korido, nusu ndani nusu nje, nikaanza kuugulia. Mwenye Miwani akatoka, akaniruka, akasema samahani, akaenda zake. Kijana wa chumvi akaniruka bila samahani. Akaja mama wa usafi na ndoo. Akapiga deki kushoto, akapiga deki kulia, akanizunguka vizuri, akaniacha nimelala pakavu.

Nikapandisha sauti. Ndipo yule Bibi wa Ufagio akauliza kwa nguvu kutoka chini ni nani anayelia huko juu. Kisha nikasikia kandambili zake zinapanda ngazi, kwacha, kwacha, anapumzika, kwacha. Mungu wangu, anakuja kunimaliza! Nikaruka, nikajifungia, nikazima taa. Akabisha. Nikazuia pumzi. Akasubiri, nami nikasubiri. Mwishowe akashuka polepole. Nimeponea chupuchupu.

Ijumaa, 7 Novemba

Maji yamefika shingoni. Mchumba amepiga simu analia. Shangazi ameshafungua begi moja na kutoa blanketi. Ati baridi tu, amesema. Mimi namjua. Leo blanketi, kesho begi zima. Mchumba akaniuliza kama kweli majirani wapo. Nikasema wapo. Ulimi huu!

Nimempigia magoti Mjuaji. Kesho ajifanye jirani, mzaliwa wa mji huu, asiyejua neno hata moja la kwetu. Akae, atabasamu, anisifu kwa lugha ya hapa. Kutafsiri niachie mimi. Akataka malipo: nafasi yangu kazini, ile ya dirishani penye hewa. Mimi nihamie kwenye mashine ya pasi nikachemke na mvuke. Mnyonyaji mkubwa! Nimekubali. Dirisha ni nini mbele ya mke?

Tumefanya mazoezi tukikunja. Kila tulipokutana kuunganisha ncha za shuka nilimtupia swali kwa lugha yetu ghafla, kumtega. Alinikodolea macho kama mgeni kabisa. Akaringa kwamba hata lugha ya mama yake karibu ataisahau.

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu! Aibu tupu!

Mjuaji alifika amevaa kofia na skafu, akaingia bila salamu. Nikafurahi, nikajua mambo yameiva. Simu ikaita. Uso wa Shangazi ukajaa kioo kizima, miwani imeshuka puani. Nikamgeuzia Mjuaji simu. Na Mjuaji, mzaliwa wa mjini, asiyesalimia mtu, alipomwona tu yule mama mtu mzima, akaruka kutoka kitini, akavua kofia, akainamisha kichwa na kusema: "Shikamoo, mama!"

Na Shangazi, hata hakufikiri: "Marahaba, mwanangu."

 Mjuaji akairudisha kofia kichwani, lakini amechelewa.

Shangazi akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mpumbavu yule akamwaga yote: baba, babu, upande wa mama, mpaka wajomba. Ikaonekana mama yake mdogo alisoma na dada yake Shangazi. Wakacheka! Wakaulizana habari za watu nisiowajua, nami nimeshika simu mkono unakufa ganzi. Shangazi akasema huyu kijana amelelewa. Akauliza kama ameoa. Mjuaji akasema bado, huku anaiweka skafu yake sawa.

Kisha Shangazi akaniita mimi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema hataki jirani wa kupangwa. Hahitaji mcheshi, hahitaji mpole, hata akiwa na mdomo mchafu ni sawa tu. Anataka mtu mmoja tu, katika mji wote huo, ambaye siku nisipoamka atajua kwamba sijaamka. Mtu huyo akiwepo, mwanawe atapanda ndege. Asipokuwepo, basi. Amenipa hadi Jumapili ya tarehe 16.

Mjuaji wakati anatoka akasema kesho atampigia Shangazi, kumjulia hali tu.

Nimejilaza sakafuni. Sijapika, sijatwanga, sijasogea. Nampenda yule binti, na nimemharibia mwenyewe. Chini wanagonga. Kiatu cha kurusha ninacho, nguvu sina.

Jumapili, 9 Novemba

Bado sakafuni. Ufagio umeanza alfajiri, ngo! ngo! unanyamaza, halafu ngo! tena. Sikujibu.

Mchana mlango ukabishwa. Nikadhani ni Mjuaji amekuja kuomba radhi, nikafungua bila kuchungulia. Bibi wa Ufagio! Ufagio hana. Ana bakuli lenye mfuniko, na anahema kwa zile ngazi. Akaniuliza kulikoni. Tangu jana jioni hajasikia hatua zangu juu ya kichwa chake, hakuna kutwanga, na amegonga wee, hata kiatu sikurusha. Hajalala. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama ni mimi niliyekuwa nalia Alhamisi.

Kejeli hizo! Watu wa mji huu hawana jema. Ukipiga kelele wanagonga. Ukinyamaza wanapanda kuja kukusimanga mlangoni. Nikamjibu kwa heshima, ni mtu mzima, kwamba malalamiko yake nimeyapokea. Akataka kusema neno. Nikafunga mlango. Hata mimi nina mnyororo.

Akaliacha bakuli palepale kizingitini, la moto, nitoke nijikwae! Nimelisukuma kando kwa mguu.

Nina mambo ya maana ya kufikiria. Nimeshampata mtu: kinyozi wa pale kona. Neno la kwetu hajui hata moja, kwa hiyo shikamoo haitamtoka. Nitamfundisha aseme kwamba kila asubuhi hutega sikio kusikia kama nimeamka. Malipo yake, chumvi kilo mbili.

Na yule bibi nimemkomesha. Nimevaa soksi pea mbili, kinu nimekiviringishia blanketi. Kuanzia leo hatajua kama nimeamka au nimekufa.